Barua ya wazi kwa waandaaji wa shindano letu la picha za wanyama: mtuulize picha ilipatikanaje

Ndugu waandaaji na majaji,

Shikamooni mlionizidi umri, na wengine wote habari za kazi. Nimelisoma tangazo la shindano la mwaka huu mpaka mstari wa mwisho. Kwanza ahsanteni. Najua hamlipwi hata senti, mnakesha mkipanga picha za watu kwa bando zenu wenyewe, na bila nyinyi wengi wetu tungekuwa tunapiga picha zinazoishia kujaza simu tu. Mmemkutanisha mwalimu wa Kigoma na dereva wa bodaboda wa Mombasa, mama wa Kitanzania anayeishi Muscat na kijana wa Bujumbura anayewasubiri viboko wa Ziwa Tanganyika akiwa na simu iliyopasuka kioo. Hili ni shindano la ridhaa, na ndiyo raha yake.

Ila tangazo lenu linauliza mambo yote isipokuwa moja. Linataka kujua picha ina ukubwa gani, ilipigwa nchi gani, mshiriki ana umri gani, na kama ameshaufuata ukurasa wa mdhamini. Mnyama alipatikanaje? Kimya. Nilimuuliza mmoja wenu pembeni, akanijibu kwa upole kabisa kwamba nisiwaharibie watu shughuli. Ndipo nikaona bora niandike hadharani, kila mwanachama asome na aseme lake.

Tuanze na picha iliyoshinda mwaka jana: kinyonga juu ya waridi jekundu. Mwanga laini, nyuma kumefifia vizuri, ngozi inaonekana chembe kwa chembe. Mpigaji ana mkono, hilo halina ubishi. Sasa ikuzeni. Shina la waridi limekatwa mshazari, kama wanavyokata wauza maua. Kinyonga ni yule wa kawaida wa kwetu, mwenye vipande viwili vya ngozi kisogoni, ambaye akiwa ametulia huwa wa kijani au wa rangi ya majani makavu. Huyu amejaa madoa meusi mwili mzima. Ngozi za kisogoni zimesimama, koo limevimba, mbavu zimetanuliwa ili aonekane mkubwa kuliko alivyo, na mdomo uko wazi hata rangi ya chungwa ya ndani inaonekana. Kwenye maoni watu waliandika "anacheka", wakaongeza na mioyo. Hacheki. Hivyo ndivyo kinyonga anavyofanya adui anapomfikia, maana mbio hana na pa kujificha hakuna. Kisha tazameni mkia. Kinyonga aliyepanda mwenyewe huuzungusha kwenye tawi ashikilie. Wa huyu unaning'inia hewani, na mguu mmoja wa nyuma haujashika kitu. Kuna mtu alimtua pale, akarudi nyuma haraka, akabonyeza.

Sitaki mwenzetu aliyeshinda anyang'anywe chochote. Hakuvunja kanuni yoyote, kwa sababu kanuni haikuwapo. Ninachosema ni kwamba mliipa picha ile nafasi ya kwanza, mkaiweka juu ya ukurasa kwa miezi, na wiki mbili baadaye tukaanza kuona vinyonga juu ya kila kitu: juu ya ua la yungiyungi, juu ya lenzi, juu ya kidole chenye rangi ya kucha, mmoja juu ya chupa ya soda. Watu wanajifunza kwa mshindi. Hawasomi kanuni, wanaangalia kilichoshinda.

Na kinyonga kwetu tayari ana taabu zake. Akionekana uani, mtoto anakimbia kuita wakubwa, na wakubwa wanakuja na fimbo. Bundi naye ni hivyo hivyo: akilia juu ya bati usiku, watu wanasema analeta msiba, na kesho yake anatafutwa kwa mawe. Kama kuna kazi moja ya maana ambayo wapiga picha wa ridhaa tunaweza kuifanya kwa Kiswahili, kwa watu wetu, basi ni kumfanya jirani amtazame kinyonga vizuri kabla hajaokota jiwe. Hatuwezi kuifanya huku sisi wenyewe tukimtesa ili atoe rangi.

Mtaniambia mambo haya ni ya mashindano makubwa. Ndiyo, na huko yamewatoa jasho. Wildlife Photographer of the Year, linaloendeshwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya London, lilianza 1965, lina wataalamu wa kila aina, na bado limeingizwa mjini. Mshindi mkuu wa 2009 alikuwa na picha ya mbwamwitu akiruka geti la shamba huko Hispania. Januari 2010 ikafutwa, majaji wakisema kuna uwezekano mkubwa kwamba yule alikuwa mnyama aliyefunzwa, wa kukodishwa kwa ajili ya picha. Mpigaji alikanusha. Mwaka 2017 kundi mojawapo likachukuliwa na picha ya usiku kutoka Brazili: mnyama mkubwa mla mchwa anasogelea kichuguu chenye vimulimuli vya kijani. Picha ya kukufanya usahau chai. Aprili 2018 nayo ikaondolewa, baada ya wataalamu kumlinganisha na mnyama aliyekaushwa na kujazwa, anayewekwa kwenye jengo la wageni la hifadhi ya Emas, wakaona nywele na alama zinafanana mno. Mpigaji huyu naye alikanusha. Kilichonigusa mimi ni kwamba mara zote mbili shaka ililetwa na watu wa nje, baada ya matokeo kutangazwa. Majaji walikuwa wameshapita na kuipongeza.

Siku hizi kuna na akili mnemba, ambayo tangazo lenu limeitaja kwa mstari mmoja: "hairuhusiwi". Mtaijuaje? Mwaka 2024 mpiga picha Miles Astray alifanya kinyume cha wadanganyifu. Alichukua picha halisi ya flamingo, aliyoipiga kisiwani Aruba, ndege ameinamisha shingo anajikuna tumbo kiasi kwamba kichwa hakionekani kabisa, akaiingiza kwenye shindano, upande wa picha zilizotengenezwa na akili mnemba. Majaji wakampa nafasi ya tatu, na wapiga kura wakamweka juu. Alipofichua kwamba ndege ni wa kweli, akaondolewa. Yaani wataalamu walimtazama ndege hai wakaona mashine. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba jaji ataangalia tu na kujua. Macho peke yake hayatoshi.

Sasa kuna hili la laiki. Kanuni yenu inasema nusu ya alama zinatokana na laiki. Kwa hesabu hiyo anashinda mwenye ukoo mkubwa, na hilo naweza kulivumilia, hata uchaguzi wa mtaa ndivyo ulivyo. Kinachonitisha ni aina ya picha ambayo laiki inaidai. Laiki haitaki simba amelala. Inataka meno, damu, vumbi, mnyama amekuja mpaka kwenye kioo cha gari. Na mtu akitaka vitu hivyo kwa siku moja aliyolipia kiingilio, na dereva amemwambia saa kumi na mbili jioni lazima wawe nje ya geti, atavisogelea.

Julai 2025 wote tuliziona zile video za Kogatende, kaskazini mwa Serengeti: watalii wameshuka kwenye magari, wamejipanga ukingoni mwa Mto Mara na simu zao juu, na nyumbu wanaotaka kuvuka wanasita, wanageuka, hawajui wapite wapi. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, ikalazimika kutoa tamko. Tulilaani sana humu kwenye kundi, mimi nikiwemo. Lakini waliokuwa wamesimama pale walitaka nini? Picha ya nyumbu mtoni isiyo na gari la mtu mwingine mbele. Picha ileile tunayoipa mioyo kila Agosti.

Duma ndiye anayelipa gharama kubwa zaidi, kwa sababu anawinda mchana na magari yanamwona. Mwaka 2018 mtafiti Femke Broekhuis alichapisha matokeo ya kazi yake Maasai Mara. Katika maeneo yenye watalii wengi, mama duma alifikisha kwenye umri wa kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao. Penye watalii wachache, 2.3. Isomeni tena hiyo namba ya kwanza: azae mara tano ndipo apate mtoto mmoja aliyekua. Kule Mara kanuni ni magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja, na kila aliyewahi kufika msimu wa nyumbu anajua matano yanavyogeuka ishirini redio za madereva zikishaita. Halafu ile picha ya duma amepanda juu ya boneti, abiria wanacheka nyuma ya kioo, mwaka jana ilishika nafasi ya nne kwetu. Kwa laiki tupu.

Si kila kusaidiwa na mwenyeji ni ukatili, nisieleweke vibaya. Pale Naivasha wenye boti wamezoea kupiga mluzi na kurusha samaki, ambaye tumboni ametiwa kipande cha mafunjo ili aelee, na furukombe anashuka kumchukua mbele ya kamera. Ndege anaondoka na mlo wake, mwenye boti anapata ujira wake, mgeni anapata picha ya makucha yakigusa maji. Mimi binafsi sioni dhambi kubwa hapo, ingawa wapo watakaonibishia na wana hoja. Lakini picha hiyo haiwezi kupimwa sawa na ya mtu aliyekaa kwenye matete ya Ziwa Victoria asubuhi nzima akingoja furukombe avue kwa hiari yake. Aliyerushiwa samaki aandike kwamba alirushiwa samaki. Jaji aamue akiwa anajua.

Ombi langu ndilo hilo, na si kubwa. Kila picha iambatane na sentensi chache za mpigaji, zichapishwe chini ya picha pale wanachama wote watakapoziona: mnyama alikuwa wapi, mpigaji alikuwa umbali gani, na je, mnyama aliguswa, alihamishwa, alilishwa, aliitwa kwa sauti ya kurekodi, alifungwa au alitolewa kifungoni. Majaji wazipe alama. Picha ya mnyama aliyehamishwa au kubanwa isishinde, hata iwe nzuri namna gani. Nasisitiza zichapishwe, zisiishie kwenye barua pepe ya katibu. Humu ndani tuna watu wanaojua mabonde yao, miti yao na ndege wao. Mtu akiandika kwamba mbega yule alimpiga picha kwenye msitu wa Amani, kuna mwenzetu wa Muheza atakayejua kama kweli.

La pili ni la kifundi, na hapa mmejikwaa bila kukusudia. Mnapokea picha kwa WhatsApp. WhatsApp ikituma picha kama picha, inaibana na kuvua zile taarifa zilizofungwa ndani ya faili: saa, aina ya kamera, lenzi, mwendo wa shata. Kwa maneno mengine, ushahidi wote mnautupa mlangoni halafu mnatangaza kwamba picha za akili mnemba haziruhusiwi. Waambieni washiriki watume kama dokumenti, faili linafika lilivyo. Walioingia fainali waombwe pia picha zilizotangulia na kufuata ile moja, maana hakuna anayepiga mnyama mara moja tu. Mtu mwenye picha kumi za komba yuleyule akigeuka kidogo kidogo hahitaji kuapa. Ila msije mkadai faili ghafi za kamera kama wanavyofanya wakubwa. Nusu yetu tunatumia simu za bei ya chini ambazo hazitoi faili hizo, na mtakuwa mmetufungia nje kwa jina la uaminifu.

Na hapo nafika kwenye picha ambayo nilidhani ingeshinda. Dada mmoja wa Tanga alileta mjusi wa nyumbani, huyu mjusi kafiri wa kwenye kuta zetu, amejibandika kwenye kioo cha dirisha usiku, na taa iko upande wa pili. Tumbo limegeuka kama karatasi ya mafuta. Ndani yanaonekana mayai mawili meupe, moja kila upande, na kila kidole kimebonyea kwenye kioo mpaka unaona mistari iliyo chini yake. Simu ya kawaida, dirisha la kawaida, wavu wa mbu umechanika pembeni. Mjusi hakujua kama anapigwa picha. Alikuwa anamvizia nondo, na nondo yupo pia, kona ya juu, nusu bawa. Picha ile ilipata laiki kumi na moja. Jaji mmoja aliandika "nzuri, ila si mnyamapori".

Si mnyamapori! Hajafugwa na mtu, hajalishwa na mtu, anawinda mwenyewe na anazaa mwenyewe. Kwa nini shindano la watu wa ridhaa liwe la wenye nauli ya kwenda mbugani? Mtanzania anayeishi Mbagala anaweza kukaa miaka asimwone tembo, lakini kila asubuhi ana kunguru wa India kwenye waya wa umeme, ndege aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa ameiteka pwani yote. Mwenye picha nzuri ya kunguru akimpora mwenzake utumbo wa samaki pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, amepiga picha ya wanyama kuliko mimi ninayevuta twiga wa mbali kupitia dirisha la basi Mikumi. Punda wa Lamu wapo, tangu 1987 wana mpaka kliniki yao. Paka wa barazani Mji Mkongwe. Kima punju wa Jozani, ambaye haishi porini popote duniani isipokuwa Zanzibar. Karoli, wale korongo wakubwa wa Kampala, juu ya majalala. Fungueni kundi la wanyama tunaoishi nao, lenye zawadi sawa na la mbugani, na mtaona watu ambao hawajawahi kushiriki wakijitokeza.

Kwa wanaodhani bila msisimko picha haishindi: mwaka 2014 lile shindano la London lilichukuliwa na Michael Nichols kwa picha iliyopigwa kwetu, Serengeti. Simba jike watano wa kundi la Vumbi, na watoto wao, wamelala juu ya mwamba. Basi. Nyeusi na nyeupe, hakuna windo, hakuna damu, mawingu tu na nyika. Alikuwa amewafuata kwa karibu miezi sita, wakamzoea mpaka gari lake likawa halina maana kwao. Sisi hatuna miezi sita wala gari. Lakini mjusi wa dirishani tunaye kila usiku, na kumzoesha hakuna kiingilio.

Mawili ya haraka. Kifungu cha saba kinasema kila picha inayotumwa "inakuwa mali ya waandaaji na mdhamini". Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mpiga picha kuwa mwenye kazi yake, na kumfanya aikabidhi yote kwa kushiriki tu, hata kama hakushinda, ni kumwonea. Ombeni ruhusa ya kuonyesha picha kwenye shindano, na jina la mpigaji likae chini yake. Mdhamini akitaka picha ya kutangazia safari zake, akae na mwenyewe waelewane bei. Jingine ni mahali. Picha ya faru isichapishwe na taarifa za GPS ndani yake, wala jina la bonde alipoonekana, na viota vya ndege wakubwa vivyo hivyo. Majaji wapewe, umma usipewe. Najua inapingana kidogo na nilichoomba juu kuhusu kuchapisha maelezo. Kwa wanyama hawa wachache acheni ipingane.

Nimeshasikia jibu la "hii ni burudani tu, usiifanye mahakama". Haya, ni burudani. Mpira wa mchangani nao ni burudani, na bado akiushika mtu kwa mkono mnapiga filimbi. Tena mwaka huu zawadi ni lenzi, na mnajua lenzi inauzwaje Kariakoo hata ile iliyokwishatumika. Kwa zawadi hiyo kuna kijana atakayekwenda kuchimbua kiota cha bundi mchana ili makinda yakodoe macho vizuri. Simlaumu yeye peke yake.

Dirisha la kupokea picha halijafunguliwa, kwa hiyo hakuna atakayedai mmebadilisha kanuni mchezo ukiwa umeanza. Ongezeni mstari unaouliza picha ilipatikanaje, badilisheni njia ya kutuma, pangeni laiki ziwe na zawadi yake ndogo ya pembeni kama lazima ziwepo, na rekebisheni kifungu cha saba. Kazi ya kufungua mafaili na kusoma maelezo ya washiriki ni ya kuchosha, nalijua hilo. Nimo tayari kuifanya na wengine wawili watatu mtakaowaamini, na kwa sababu hiyo mwaka huu sitaleta picha yangu. Naomba jibu lenu liwekwe hapa hapa kundini, si pembeni, ili na yule dada wa Tanga ajue kama alete mjusi wake tena au asisumbuke.

Wenu,
Mwanachama mwenzenu, Morogoro